Databesi imegoma kufunguka? Usiguse kitu kwanza, soma hapa

Leo siandiki siasa wala mpira. Naandika kitu kilichonitoa jasho, na najua kuna mdau yuko kafe sasa hivi na flashi mkononi anataka kulia.

Ilikuwa Alhamisi. Mama mmoja, mhazini wa kikundi cha kuweka na kukopa, katoka Mamboya na flashi kaifunga kwenye pindo la khanga. Jumamosi yake kikundi kinavunja, yaani watu wanagawana hisa na faida ya mwaka mzima. Hesabu zote zimo kwenye faili moja la Microsoft Access, alilotengenezewa na kijana ambaye ameshahama. Nikamwamkia, nikachomeka flashi, nikabofya. Kioo kikaandika: Unrecognized database format. Mama akaniuliza, "Mwanangu, inasemaje?" Nikamjibu, "Inasema haitambui faili, mama."

Hapo ndipo nilipokosea. Kiherehere changu kikanituma nibonyeze Compact and Repair Database papo hapo, kwenye faili lenyewe, ndani ya flashi. Likafunguka! Tukafurahi. Kumbe wanachama 11 hawamo, wamefutika na hisa zao. Na nakala nyingine hakuna.

Kwa nini inatokea?

Access inagawa faili lake katika kurasa ndogo ndogo, kila moja kilobaiti 4. Ukiandika malipo ya mtu mmoja, kinachobadilika si ukurasa mmoja. Kuna ukurasa wa taarifa yenyewe, na kuna wa faharasa, ule unaosema taarifa ipo wapi. Umeme ukikatika katikati, mmoja umeshaandikwa na mwingine bado. Ni kama karani aliyeandika kwenye daftari la stoo akaitwa kabla hajajaza orodha ya mbele. Ukirudi, daftari na orodha haviongei lugha moja.

Kwetu huku sababu kubwa ni mbili: umeme kukatika na flashi kuchomolewa faili likiwa wazi. Walioishi mgao wa 2006 na wa 2011 hawahitaji kuelezwa. Ya tatu ni watu wawili kutumia faili moja kwenye mtandao unaokatika katika. Ya nne ni faili kujaa, maana mwisho wa Access ni gigabaiti 2. Halafu ukifuta rekodi faili halipungui, mpaka ulibane kwa hiyo Compact.

Sasa fanya hivi, kwa mpangilio huu huu

1. Acha kulifungua fungua. Nakili faili kutoka kwenye flashi, weka kwenye kompyuta, kisha nakili tena. La kwanza usiliguse kabisa. Fanya kazi kwenye nakala.

2. Angalia kama limeharibika kweli. Mafaili ya zamani yanaishia na .mdb, na kuanzia Access 2007 yanaishia na .accdb. Ukilifungua la .accdb kwa Access 2003 litakataa hata kama ni zima. Jaribu kompyuta yenye toleo jipya kabla hujalia.

3. Tafuta kifaili kidogo chenye jina lilelile kinachoishia na .ldb au .laccdb. Hicho ni kufuli. Huja mtu anapofungua databesi na huondoka wa mwisho anapofunga. Kompyuta ikizimika ghafla kinaweza kubaki. Kama una uhakika hakuna anayelitumia faili, kifute.

4. Databesi ikifunguka halafu inaganda palepale, shikilia kitufe cha Shift wakati unaifungua. Hiyo inaruka fomu ya mwanzo, ambayo mara nyingine ndiyo yenye ugonjwa.

5. Sasa ndiyo ubonyeze Compact and Repair, kwenye nakala. Ikimaliza, hesabu rekodi na ulinganishe na daftari. Ukiona jedwali jipya linaitwa MSysCompactError, lisome: limeorodhesha makosa iliyokutana nayo. Kutengeneza kwake mara nyingine ni kutupa isichoweza kusoma. Hicho ndicho kilichonikuta mimi.

6. Ikishindikana, fungua databesi mpya tupu, nenda External Data, uvute majedwali moja moja kutoka kwenye nakala. Likikataa moja, mengine yatakuwa yameshapona.

Na mara nyingine kosa si lako wala la faili. Novemba 2019 maboresho ya Microsoft wenyewe yalifanya Access za watu dunia nzima kuandika Query is corrupt, kosa namba 3340, na mafaili yalikuwa mazima. Ilibidi watoe marekebisho. Kwa hiyo kosa likianza jana na juzi kompyuta ilijisasisha, jaribu faili kwenye kompyuta nyingine kabla ya kutengeneza chochote.

Si sisi tu

Msione hii ni shida ya vikundi vya kijijini. Mfumo wa taarifa za afya wa DHIS, ulioanzia Afrika Kusini miaka ya 1990, matoleo yake ya kwanza yalijengwa juu ya Access, na Zanzibar walianza nao 2005. Baadaye likaja toleo la pili linalotumia seva na intaneti, na Tanzania Bara lilienea nchi nzima 2013. Taarifa zikikaa kwenye seva, umeme ukikatika kwako unapoteza ulichokuwa unaandika tu, si mwaka mzima. Lakini zahanati hazikutupa vitabu vya MTUHA. Karatasi haikrashi.

Karatasi ndiyo iliyotuokoa na sisi. Mama alikuwa na daftari la mkono, na kila mwanachama ana kitabu chake. Ijumaa tulishinda tunapiga simu mmoja mmoja, wanasoma, mimi naandika. Jumamosi walivunja kikundi na hesabu ikakaa. Hela yangu ya kazi sikuidai, nadhani mnaelewa kwa nini.

Kwa hiyo wadau: usifanyie kazi ndani ya flashi. Nakili kwenye kompyuta, fanya kazi, funga, ndipo urudishe. Laptop yenye betri nzima ni salama kuliko desktop isiyo na UPS. Kila wiki weka nakala yenye tarehe kwenye jina, sehemu mbili tofauti. Na daftari msilichome.

Aliyekwama aseme hapo chini kwenye maoni, aandike kosa lilivyo neno kwa neno na toleo la Access analotumia. Tutasaidiana. Pamoja sana.