Maji Yaendayo Kimya Ndani ya Kichwa

Katika nyumba nyingi za Bukoto, mjini Kampala, mtu akiamka na kichwa kinamuuma hupewa kidonge na kikombe cha chai, kisha hushika njia ya kazini. Mara nyingi hayo hutosha. Lakini maumivu yarudiayo kila alfajiri na kuzidi wiki hadi wiki, yakifuatana na kutapika, macho kufifia au kifafa kilichoanza ukubwani, si ya kuvumiliwa. Huenda ndani ya fuvu mna uvimbe.

Hatari ya uvimbe hutokana pia na maji. Mwili wa mtu mzima hutengeneza karibu nusu lita ya maji ya ubongo kila siku, ingawa yaliyomo kwa wakati mmoja ni kama kikombe kidogo tu. Mengine hurudi katika damu. Uvimbe ukiziba njia yake, maji hujaa, na kwa kuwa fuvu halitanuki, ubongo hukandamizwa.

Yapo pia maji yapenyayo polepole baina ya seli. Katika aina fulani za saratani ya ubongo, maji hayo husukumwa kutoka ndani ya uvimbe kuelekea sehemu zilizo nzima, na seli za saratani huweza kuyafuata. Ndiyo sababu mojawapo ya uvimbe uliokatwa kuchipuka tena pembezoni.

Mwendo huo hauonekani kwa macho. Mtambo wa MRI, utumiao sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio, hupiga picha za ubongo bila kuupasua. Mgonjwa hudungwa dawa mshipani, kisha picha hupigwa moja baada ya nyingine kuonyesha dawa inavyoenea. Mwaka 2018 Jennifer Munson na wenzake, watafiti wa Marekani, walieleza jinsi ya kukadiria kutokana na picha hizo maji yanaelekea wapi na kwa kasi gani. Kazi hiyo ingali utafiti. Tumaini lake ni kumwonyesha daktari mapema upande ambao saratani itaelekea.

Askari aliyewahi kujeruhiwa akumbuke jambo moja. Kabla ya kuingia katika mtambo huo, amwambie mhudumu iwapo mwilini mwake mna kipande cha risasi, bomu au chuma chochote, kwani sumaku yaweza kukisogeza na kumdhuru.

Kutoka Bukoto hadi Hospitali ya Mulago, ambako upasuaji wa ubongo ulianza mwaka 1969, si mwendo mrefu. Mara nyingi mke, mume au mtoto ndiye wa kwanza kutambua kwamba mwenzao amebadilika usemi, mwendo au tabia. Asinyamaze. Ushujaa wa askari haupimwi kwa kuficha maumivu, na wahenga walikwisha kusema: mficha maradhi, kifo humuumbua.