Aphrodite, bibi wa fundi wa mukuba

Juma lililopita binti yangu alirudi toka masomo na devwari. "Papa, profesa anasema tuandike ukurasa mumoja juu ya Aphrodite. Ye njo nani?" Nikamujibu haraka: ni mungu-mwanamuke wa mapendo na uzuri kwa Wagriki wa zamani, Waroma walimuita Vénus. Zaidi ya hapo sikuwa na kitu. Jina Vénus nililijua toka kibao cha salon ya kusuka nywele karibu na kwetu, na toka siku ya vendredi, maana kwa Kilatini ilikuwa siku ya Vénus. Lakini mutoto wa delege wa sindika hawezi kupeleka kazi nusu. Tukatafuta pamoja jioni tatu, kila mara umeme ulipokubali. Na mimi, mutu wa mukuba, nilishangaa.

Aphrodite ni wa kisiwa cha Kipro, kile Wafaransa wanaita Chypre. Wasomaji wa Biblia wanakijua: Paulo na Barnaba walikipita mpaka Pafo, Matendo ya Mitume sura ya 13. Ule muji wa Pafo njo ulikuwa makao yake. Hésiode, mushairi wa Wagriki, anaeleza kwamba Kronos alimukata baba yake Ouranos uume kwa mundu, akautupa ku bahari. Povu jeupe likakusanyika, ndani ya povu akatokea musichana. Povu kwa Kigriki ni aphros. Maji yakamupeleka kwanza karibu na kisiwa cha Kythera, kisha Kipro, na pale alipokanyaga majani yakaota. (Homère anaeleza ingine: baba yake ni Zeus, mama yake Dioné. Binti yangu aliandika zote mbili.)

Kule Pafo hawakumuabudu kwa sanamu ya mwanamuke muzuri kama zile tunaona mu vitabu. Walikuwa na jiwe, pana chini, jembamba juu. Basi.

Sasa sikilizeni, watumikaji wenzangu. Kipro ni kisiwa cha mukuba. Mu milima ya Troodos watu walichimba na kuyeyusha tangu zaidi ya miaka 3500 iliyopita. Waroma waliita mukuba aes Cyprium, maana yake metali ya Kipro, kisha wakafupisha: cuprum. Toka hapo njo Wafaransa walipata cuivre. Kila asubui tunaposema cuivre ku lango la usine, tunataja kisiwa cha Aphrodite bila kujua. Hata wale wazee wa Ulaya waliotafuta kugeuza metali kuwa zahabu, walipoandika mukuba walichora alama ya Vénus: duara na musalaba chini yake. Ni alama ile ile leo inaonyesha mwanamuke.

Mwaka 1982 muzamiaji mumoja wa Uturuki aliona chini ya bahari, karibu na Uluburun, vipande vya metali vyenye umbo la ngozi ya ngombe iliyotandazwa. Ilikuwa mashua iliyozama miaka zaidi ya 3300 iliyopita. Ndani mulikuwa karibu tani 10 za mukuba, na karibu tani moja ya bati la kuchanganya nao. Mukuba huo ulitoka Kipro. Niliposoma umbo lile, mawazo yalirudi kwetu, ku misalaba ya mukuba ya wazee wa Katanga, ile croisette inayokutwa mu makaburi ya kale ya Sanga, ku ziwa Kisale. Wale wa Kipro na wetu hawakujuana. Lakini wote walifahamu kwamba mukuba ukishayeyuka unahitaji umbo la kushika, kubeba na kuhesabu.

Na Aphrodite anaingia wapi? Kule Kition, muji mwengine wa Kipro, wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta viwanda vya mukuba vimeshikamana na hekalu. Mu museum ya Ashmolean, kule Oxford, kuko sanamu ndogo ya mwanamuke. Ye ni uchi, hana kitu mu mukono, lakini miguu yake inasimama juu ya kipande cha mukuba chenye umbo lile la ngozi ya ngombe. Wachunguzi wengi wanaona ndani yake mungu-mwanamuke wa kisiwa, muchungaji wa mukuba, mbele Wagriki hawajamupa jina lao.

Wamisri nao walikuwa na Hathor, wa mapendo, wa muziki, wa kujipamba. Vioo vyao vya metali vilikuwa mara nyingi na uso wake ku mukono. Kumbe kule Timna, mu jangwa upande wa kaskazini wa bahari ya Shamu, kwenye machimbo ya mukuba, Wamisri walimujengea nyumba ya sala chini ya mwamba. Watu walipeleka pale shanga na zawadi. Hakuna aliyenifundisha hivyo ku sekondari.

Tunafika kwa bwana yake. Mapokeo ya Homère mu Odyssée yanasema Aphrodite aliolewa na Héphaïstos, fundi wa moto na metali. Mulemavu wa miguu. Mu Iliade, mama yake mwenyewe alimutupa toka juu kwa kumuonea haya. Homère anamuonyesha mu kazi: jasho linamutoka, anashika sponji anajipanguza uso, mikono, shingo na kifua chenye nywele. Mutu wa fonderie kabisa! Wachunguzi fulani wanawaza kwamba ulemavu wake ni ukumbusho wa ugonjwa wa mafundi wa kale, sababu mukuba wa zamani ulichanganyika mara nyingi na arseniki, na moshi wake unaharibu mishipa ya miguu. Mimi si munganga, lakini nimeona miguu ya wazee wetu.

Basi bwana akiwa ku kazi, Arès, mungu wa vita, mwenye mwili na mbio, alikuwa anaingia ku nyumba. Jua likaona, likamuambia Héphaïstos. Akafua minyororo membamba kama utando wa buibui, akaitega ku kitanda. Wakanaswa wawili. Akafungua mulango, akaita miungu yote: njooni muone! Miungu-wanamuke walibaki kwao kwa haya. Wanaume walikuja, wakacheka. Walicheka walipoona mutego wa fundi, na mumoja akasema angekubali minyororo mara tatu zaidi ili alale pale.

Pale nilinyamaza. Binti yangu akauliza: "Papa, uko na nini?"

Niko na rafiki aliyetumika mu fonderie. Mukuba wa moto uliruka ukaingia mu kiatu chake, kiatu ambacho tulikuwa tumeomba kibadilishwe mara mbili kwa barua. Alirudi ku nyumba na fimbo. Nyuma ya miezi, bibi yake alianza kuonekana ndani ya gari la mwengine. Jioni ku nganda watu walifanya mchezo: ati mutu wa muguu mumoja atakimbilia bibi namna gani? Watu wakacheka. Mimi, delege wake, nilicheka pia, na chupa mu mukono.

Mu hadisi ya Homère, mumoja tu hakucheka, Poséidon. Héphaïstos alikuwa amesema hawezi kuwafungua mpaka baba ya bibi arudishe mahari yote. Poséidon akamusihi: wafungue, Arès atalipa yote inayostahili. Fundi akakataa, dhamana ya mutu asiyefaa haifai. Poséidon akasema: akikimbia, nitalipa mimi mwenyewe. Njo minyororo ikafunguliwa. Arès akaenda Thrace, Aphrodite akarudi Pafo, akaoshwa, akapakwa mafuta.

"Na Arès alilipa?" binti yangu akauliza.

Homère hasemi. Nilirudia kusoma kipande kile mara mbili.

Dosie ya rafiki yangu imelala mwaka wa tatu sasa, juu ya asilimia ya ulemavu wake. Siku iliyofuata, mbele ya kazi, nilipita ku lupango yake. Alikuwa amekaa chini, anagonga bati, mbabula mbili za mama mumoja wa soko. Nikamuomba dosie. Akaniangalia kwanza, kisha akaniambia iko chini ya godoro, niichukue mwenyewe.