Mbega wa hadithi za bibi alikuwa mtu kweli?

Wadau, aliyekulia Lushoto, Soni au Bumbuli lazima alisimuliwa habari za Mbega. Mwindaji kutoka Nguu aliyekuja na mbwa wake, akaua nguruwe waliokuwa wanamaliza mashamba, akawagawia watu nyama, kisha usiku akaua simba pale Vuga. Wakamfanya mfalme na kumwita Simba Mwene. (Sio yule mbega wa kwenye miti, jamani!)

Watoto wakisikia huuliza, alikuwepo kweli? Mimi najibu ndiyo. Mwaka 1848 mmisionari Krapf alifika Vuga akamkuta mfalme Kimweri ye Nyumbai, wa uzao wa Mbega, na himaya yake ilikuwa inafika hadi pwani. Kimweri alifariki 1862, lakini Wakilindi waliendelea na utemi wao mpaka uchifu ulipofutwa baada ya Uhuru. Ukoo kama huo haukuanzishwa na hewa. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyekusanya masimulizi ya wazee wa Usambara miaka ya 1960, anaweka mwanzo wa ufalme huo karne ya 18. Habari ya simba sitaiapia.

Ila kuna kipande bibi yangu alikuwa anakiruka. Nimekuja kukikuta ukubwani katika Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi ambacho misheni ya Magila ilianza kukichapa miaka ya 1890. Mbega alikuwa kigego, yaani aliota meno ya juu kwanza. Ndugu zake wakamnyima urithi kwa sababu hiyohiyo, ndio akahama kwao.

Kwa wasiojua, zamani katika jamii nyingi za huku kigego aliaminika kuleta mikosi na vifo nyumbani, na wengi waliuawa wakiwa wachanga. Hao nao walikuwa watu wa kweli, tena majina yao hayajulikani. Maana yake mfalme tunayejivunia ni mtoto ambaye kwa mila ile hakutakiwa hata kuishi.

Sasa bibi alikuwa anakiruka kwa nini, wakati ndicho kinachoeleza safari yote? Nilimuuliza mama. Akasema kwa kifupi tu kwamba mdogo wangu naye alianza meno ya juu, na bibi hakutaka neno hilo litajwe mle ndani.

Wa Vuga, Mlalo na Bumbuli, kwenu mlisimuliwa kipande hiki au nanyi kilirukwa?