Unakwenda Moshi kuhesabiwa Desemba? Usiangalie nauli peke yake

Utani wa kila mwaka ni kwamba ikifika Desemba, Wachaga wanarudi Kilimanjaro "kuhesabiwa". Utani ni utani, lakini tiketi kuadimika wiki ya Krismasi ni kweli kabisa.

Wengi huanza na swali moja: nauli shilingi ngapi? Anza na hili: nitafika saa ngapi, na kutoka hapo nafikaje nyumbani? Safari yako haiishii stendi ya Moshi, inaishia Rombo, Kibosho au Machame. Nauli rahisi inayokushusha saa 6 usiku, na watoto wawili na mabegi matatu, itakula hela nyingine kwenye teksi.

Hizi hapa njia nne za kutoka Dar es Salaam, na kila moja inamfaa nani.

1. Basi

Ndiyo njia ya wengi, na mabasi yapo kila siku. Kutoka Dar hadi Moshi kwa kupitia Chalinze ni kama kilomita 560. Basi la alfajiri kwa kawaida hufika alasiri, ila Desemba ongeza muda wa foleni.

Tangu Oktoba 2023 mabasi yanaruhusiwa kusafiri usiku. Basi la usiku linaloingia Moshi asubuhi lina faida moja kubwa: unapata Hiace za kwenda kijijini bila kulala gesti. Ubaya wake ni usingizi wa dereva. Uliza kabla ya kulipa kama basi lina madereva wawili.

Kama unakwenda Marangu au Rombo, shuka Himo, usipitilize hadi Moshi mjini ukaanza kurudi nyuma. Wa Machame, basi la Arusha linapita njia panda yenu.

Nauli je? Kwa viwango vya LATRA vilivyoanza Desemba 2023, ukomo ni shilingi 48.47 kwa kilomita kwa basi la daraja la kawaida na 67.84 kwa daraja la kati. Kwa kilomita 560 hiyo ni kama 27,000 na 38,000. Viwango hubadilika, kwa hiyo angalia vya sasa kabla hujakata tiketi. Hesabu ni ileile: kilomita mara kiwango.

Chunga mchezo huu: unalipa 60,000, tiketi inaandikwa 38,000. Ukikubali, huna ushahidi. Lipa kwa simu ili muamala ubaki, dai tiketi yenye jina lako na kiasi ulichotoa, na ukilanguliwa toa taarifa LATRA au kwa trafiki waliopo stendi kabla basi halijaondoka.

2. Treni

Usichanganye. Treni ya umeme ya SGR iliyoanza safari mwaka 2024 inakwenda Morogoro na Dodoma, haifiki Moshi. Ya kaskazini ni ile ya reli ya zamani, iliyorudi Moshi Desemba 2019 baada ya kusimama kwa zaidi ya miaka 20, kisha ikafika Arusha mwaka 2020.

Ni ya polepole na inalala njiani. Pia haiondoki kila siku, kwa hiyo ratiba ya TRC ndiyo inayokupangia tarehe. Lakini mtoto anaweza kusimama na kutembea, choo kipo, na nauli ni nafuu. Kwa familia isiyo na haraka, inafaa. Kama una siku nne tu za likizo, achana nayo.

3. Ndege

Angani ni kama saa moja. Ila hesabu pia muda wa kufika uwanjani mapema na kutoka KIA, ambao uko kati ya Moshi na Arusha. Kutoka hapo hadi Moshi mjini ni kama kilomita 40, na teksi yake si bei ya daladala.

Ndege inamfaa mgonjwa, mzee, au mwenye likizo fupi aliyekata tiketi mapema. Wiki ya sikukuu bei hupaa. Na kumbuka mzigo: ule mkungu wa ndizi utakaopewa na bibi utaupima kwa kilo.

4. Gari binafsi

Likijaa watu, linalipa. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita moja litakunywa kama lita 56 kwenda tu. Zidisha kwa bei ya mafuta inayotangazwa na EWURA kila mwezi, kisha gawanya kwa waliomo. Mkiwa wanne inaweza kukaribia nauli ya basi. Ukiwa peke yako, ni hasara.

Kagua tairi na breki kabla ya siku ya safari. Usiendeshe moja kwa moja bila kupumzika, na vijijini heshimu vibao vya 50. Watoto wanaovuka barabara hawajui kwamba wewe unawahi Krismasi.

Vipi Noah ya njiani?

Tiketi zikiisha, utaitwa na magari binafsi yanayookota abiria. Hayana tiketi, na likiharibika Same usiku huna wa kumdai. Mabasi ya ziada yanayoruhusiwa msimu wa sikukuu huwa na kibali cha muda cha LATRA. Omba kukiona.

Kabla hujalipa

Kata tiketi ya kurudi siku hiyohiyo. Kwenda, watu husambaa wiki mbili nzima. Kurudi, wote wanataka kuwahi kazi na shule zinazofunguliwa Januari, na hapo ndipo wengi hukwama na kulipa bei yoyote wanayotajiwa.

Wewe mwaka huu unapanda nini?