UNIVERSITE NI NYUMBA YA WATU WOTE
Mfano wa St. Louis

Eklezia inafundisha kwamba watu wote ni sawa mbele ya Mungu. Tunalijua fundisho hilo tangu katekismu. Lakini linaingia namna gani katika nyumba ya masomo, pale wanafunzi wa rangi na makabila mbalimbali wanapoketi benchi moja? Tutazame yaliyotukia katika universite ya Wayezuiti ya mji wa St. Louis, huko Missouri, katika Marekani.

1. Mambo ya zamani

Wayezuiti wa kwanza walifika Missouri mwaka 1823, wakitoka Maryland. Hawakufika peke yao: walileta watumwa sita, waume watatu pamoja na wake zao. Tusifiche neno hilo, maana mficha maradhi kilio humfichua.

Utumwa ulikomeshwa Marekani mwaka 1865, lakini ubaguzi ulibaki. Mtoto mweusi alikuwa na shule yake, na mtoto mweupe yake. Hata wakristu weusi, waliobatizwa kwa ubatizo uleule na kupokea Ekaristi ileile, walikuta mlango wa universite ile umefungwa. Wengi waliona ubaya huo, lakini waliogopa: wazazi weupe wataondoa watoto wao, feza itapunguka, fujo itatokea. Hivi woga ukavaa nguo ya busara.

2. Hubiri la mwaka 1944

Tarehe 11 Februari 1944, Padri Claude Heithaus, Myezuiti na mwalimu wa universite, alihubiri katika Misa ya wanafunzi. Aliwaonyesha kwamba kumdharau mtu sababu ya ngozi yake ni kumdharau Kristu mwenyewe. Kisha akawaomba wasimame, waseme pamoja naye sala ya malipizi kwa ubaya waliotendewa watu weusi, na kuahidi kutoushiriki tena. Wakasimama.

Katika miezi ya kiangazi ya mwaka ule, wanafunzi weusi watano wakapokelewa. Ilikuwa karibu miaka kumi kabla tribinali kubwa ya Marekani haijakata neno, tarehe 17 Mei 1954, kwamba kutenga watoto wa shule za serikali kwa sababu ya rangi ni kinyume cha sheria kuu ya inchi.

3. Mlango wazi hautoshi

Tusifikiri kwamba mambo yalikwisha hapo. Wanafunzi weusi waliruhusiwa kuingia darasani, lakini si kwenye dansi ya wenzao. Padri Heithaus alikataa jambo hilo waziwazi, na mwaka 1945 wakubwa wake walimwondoa mjini. Mgeni anayepewa kiti na kunyimwa chakula, je, amepokelewa? Hapana, amevumiliwa tu. Kuvumiliwa na kupokelewa ni mambo mawili.

Mwaka 1947, Askofu mkuu Joseph Ritter aliamuru shule za kikatoliki za jimbo lake la St. Louis zipokee watoto wote. Wazazi kadhaa weupe walitaka kumshitaki tribinalini. Aliwaonya kwamba wanaweza kutengwa na Eklezia. Wakaacha.

4. Wanafunzi wa siku zetu

Tarehe 9 Agosti 2014, huko Ferguson karibu na St. Louis, polisi alimpiga risasi na kumwua Michael Brown, kijana mweusi wa miaka 18. Watu walijaa njiani kudai haki. Katika Oktoba wanafunzi na wenyeji wakakaa siku sita katika uwanja wa universite, chini ya mnara wa saa. Mkubwa wa universite, Fred Pestello, mlei wa kwanza kushika kazi ile, hakuita polisi wawafukuze. Alikubali kuzungumza nao, na wakapatana juu ya mambo 13, kama kuwasaidia zaidi wanafunzi weusi kwa feza ya masomo, na kutia nguvu mafundisho juu ya historia ya watu wao.

Kila mwaka katika Januari, universite nyingi za Marekani zinamkumbuka Martin Luther King kwa sala, nyimbo na mikutano. Ni vema. Lakini sikukuu ni kama maua ya mti, na haki ndiyo mizizi yake. Mti usio na mizizi utakauka, hata ukipambwa namna gani.

5. Na sisi?

Hapa Kongo, Universite ya Lovanium ilifunguliwa mwaka 1954 ikipokea weusi na weupe pamoja. Lakini rangi si ukuta pekee. Katika miaka ya 1992 na 1993 watu wengi wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, na wengine walikufa njiani. Waliofukuza na waliofukuzwa walikuwa wamesali katika makanisa yaleyale.

Basi tujiulize katika zamiri zetu. Mezani, tunakaa na nani? Mwenzetu wa kabila lingine akipata maksi nzuri, tunafurahi naye, ao tunatafuta nani alimsaidia? Tunapotumia lugha ya kwetu mbele yake, tunataka asisikie nini?

Mtume Paulo alifundisha kwamba katika Kristu hakuna tena Myahudi wala Mgriki, mtumwa wala huru. Wanafunzi wa St. Louis walianza kulitimiza neno hilo siku ile waliposimama. Sisi tunaweza kuanza leo, kwa kuhama kiti mezani.