Sura ya Saba: Maji ya Sukari kwa Chozi

Kolibri hawapo Afrika. Spishi zao zaidi ya 350 zote ni za mabara ya Amerika, na desturi ya kuwatundikia ndege maji ya sukari uani ilikulia huko. Mwenye ua Kasulu au Kibondo ana chozi. Ndege hawa wawili hawana udugu wa karibu. Nekta ndiyo iliyowapa midomo myembamba na ndimi ndefu, kila mmoja kwao. Ila kolibri hunywa akielea hewani, na chozi hupenda kutua kwanza. Tofauti nyingine ni nyuki. Buha, eneo la Kasulu na Kibondo, ni nchi ya mizinga, na karibu kila kanuni ya sura hii inatokana na hilo: anachokitaka chozi, nyuki naye anakitaka.

Mtazame dume wa chozi mwenye kifua chekundu kwenye mgomba. Mwili mweusi ti, kifua chekundu, utosi unametameta kijani. Huning'inia kichwa chini kwenye ua la mgomba, akashika ganda la zambarau kwa kucha na kupenyeza mdomo chini yake, penye safu ya maua yaliyofunguka siku hiyo. Migomba hutoa maua mwaka mzima, kwa hiyo hata kiangazi chozi hakosi kitu. Lakini tangu mnyauko wa bakteria ulipothibitishwa Kagera mwaka 2006 na baadaye kufika Kigoma, wakulima wanashauriwa kulivunja ua hilo kwa kijiti chenye panda mara chane ya mwisho inapotoka, kwa kuwa wadudu wanaolitembelea hueneza ugonjwa. Ushauri huo ufuatwe. Maji ya sukari ni namna moja ya kumfidia chozi.

Kipimo

Sehemu moja ya sukari kwa sehemu nne za maji: nusu glasi ya sukari, glasi mbili za maji. Chemsha, koroga hadi sukari iyeyuke, kisha acha yapoe kabisa. Utamu huo unakaribia ule wa maua mengi yanayotembelewa na ndege. Nyuki hupendelea utamu mzito zaidi. Wakizidi, ongeza maji yafike sehemu tano, na chozi ataendelea kuja. Tumia sukari nyeupe. Sukari guru na sukari ya kahawia zina molasi, na molasi ina madini ya chuma yanayoweza kumlimbikia ndege mwilini. Usitie rangi kwenye maji.

Kwa nini isiwe asali, nayo Kibondo iko tele? Jibu analijua kila mtengeneza wanzuki. Asali nzito haichachi kwa sababu maji yake ni machache, na hamira zilizomo haziwezi kufanya kazi. Ongeza maji, zinaamka. Asali iliyozimuliwa ikikaa kwenye joto huchacha upesi na kuota kuvu, na kuvu inaweza kumdhuru ndege.

Kopo

Tafuta kopo dogo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, la Blue Band kwa mfano. Njano huwavutia nyuki, hivyo pigia mfuniko rangi nyekundu, uache ikauke vizuri. Toboa matundu matatu au manne ya milimita 3 kwa msumari uliopashwa moto, kisha lainisha kingo. Maji yaishie sentimita moja na nusu chini ya mfuniko: mdomo na ulimi wa chozi hufika, ulimi wa nyuki haufiki. Funga kijiti pembeni ili ndege apate pa kutua. Tundika kivulini, mbali na paka.

Sisimizi watafuata waya. Pitisha waya katikati ya kifuniko cha chupa kilichogeuzwa juu, ziba tundu kwa nta, jaza maji. Usipake grisi, itashika manyoya. Pia usimwage maji ya sukari uani: matone huita nyuki, na sukari ikifika mzingani, asali ya jirani haitakuwa tena asali halisi.

Badilisha maji kila baada ya siku mbili, na osha kopo kwa maji ya moto. Yakiwa na ukungu au harufu ya kuchacha, yamwage hata kama ni ya jana.

Ugomvi na uwanja

Dume mmoja anaweza kulimiliki kopo na kufukuza wenzake. Mwaka 1975 Frank Gill na Larry Wolf walichapisha utafiti kuhusu chozi wa mabawa ya dhahabu nchini Kenya: ndege hulinda maua pale tu nekta anayoiokoa inapozidi nguvu anayoitumia kufukuza. Hivyo weka makopo mawili yasiyoonana, ulinzi umshinde.

Sukari ni kuni tu, haijengi mwili. Makinda ya chozi hulishwa buibui na wadudu wadogo, na kiota chenyewe hushikizwa kwa utando wa buibui; ua unaopuliziwa dawa kila mara haumfai. Panda mshubiri, mgrevilea mpakani, na mwamba-ngoma, ambao huchanua kiangazi ukiwa hauna majani. Hivyo vitamlisha hata ukisafiri. Kopo lisilo na wa kuliosha lishushwe.