Kufunga Transfa Imara Kwenye Pikapu Kuukuu

Transfa ni kasha la gia linalokaa nyuma ya gia boksi katika gari linaloendeshwa kwa magurudumu manne. Hupokea nguvu ya injini na kuigawa kwa propela mbili, moja ya ekseli ya nyuma na nyingine ya ekseli ya mbele. Ndani yake mna pia gia nzito ya kupandia mlima au kutokea matopeni. Kwa kuwa nguvu hufika hapo ikiwa imekwisha kuzidishwa na gia boksi, transfa dhaifu huumia mapema injini inapoongezwa nguvu au gari linapovishwa matairi makubwa.

Mfano mzuri ni pikapu za Chevrolet na GMC za mfululizo wa K, zilizouzwa Marekani kuanzia 1973 hadi 1987. Transfa yake iliyosifika zaidi ni NP205 ya kampuni ya New Process Gear, yenye kasha la chuma cha kusubu, ambamo nguvu hupita kutoka gia hadi gia bila cheni. Mwaka 1981, wakati watengenezaji wakihangaika kupunguza ulaji wa mafuta, pikapu nyepesi zilipewa NP208: kasha la aluminiamu, cheni ndani, uzito mdogo. K30, pikapu ya mizigo mizito, ilibaki na NP205. NP208 si mbovu, na kwa gari la kawaida la shambani inatosha kabisa. Ila cheni yake ikizeeka hurefuka, na gari likielemewa huruka meno kwa kishindo.

Hata hivyo, transfa imara si lazima iwe na gia nzito zaidi. Gia nzito ya NP208 ina uwiano wa 2.61, ya NP205 ni 1.96 tu. Katika pikapu yenye gia boksi ya SM465, ambayo gia yake ya kwanza ni 6.55, na difu ya 3.73, mzunguko wa injini hupunguzwa mara 64 hivi kwa NP208, lakini mara 48 tu kwa NP205. Anayetaka gari litambae polepole juu ya mawe atakuwa amerudi nyuma. Baadhi ya mafundi hulitatua hilo kwa kufungua sehemu ya mbele ya transfa nyingine ya zamani, NP203, na kuiunga mbele ya NP205. Gia mbili nzito zikifuatana hivyo, upunguzaji wote hufika kama mara 96. Ni kazi ya gharama, na propela ya nyuma hubaki fupi mno kwa gari lenye chasisi fupi.

Kosa la gharama kubwa hufanyika wakati wa kununua. NP205 zote zina jina moja lakini hazifanani: za General Motors zina meno 10, 27 au 32 pale shafti ya gia boksi inapoingia, na bolti za kuifungia zimepangwa kwa duara au kwa umbo la nane. Zile za Ford hutoa propela ya mbele upande wa kushoto, ilhali difu ya mbele ya Chevrolet hizo iko kulia. Mwenye K20, pikapu nyepesi kuliko K30, ya mwaka 1983 na yenye SM465 hana haja ya kuhangaika sana: atafute NP205 iliyotoka kwenye K30 ya miaka hiyo yenye gia boksi hiyohiyo na meno sawa, na aichukue pamoja na adapta, fito na mkono wake wa kubadilishia.

Kasha hili lina uzito wa kilo 60 hivi au zaidi, kwa hiyo hushushwa na kupandishwa kwa jeki ya gia boksi, si kwa vifua vya vijana wa gereji. Baada ya kufungwa, propela za zamani mara nyingi hazitoshi. Katika NP208 ncha ya propela ya nyuma huteleza ndani ya transfa yenyewe; katika NP205 ncha hiyo kwa kawaida haitelezi, hivyo propela inahitaji sehemu yake ya kuteleza. Vipimo huchukuliwa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake mahali tambarare, maana likiinuliwa kwa jeki springi hushuka na urefu hubadilika. Pembe za krosi za ncha mbili zikitofautiana sana, gari litatetemeka likishika mwendo.

Oili nayo hubadilika. NP208 hutumia oili ya gia boksi za otomatiki. NP205 hutaka oili nzito ya gia, 80W-90, ijazwe hadi usawa wa tundu la kujazia.

Kisha kuna ekseli ya mbele. NP205 haina difu ndani yake, hivyo gari likiendeshwa kwa magurudumu manne kwenye lami kavu, msokoto hujikusanya katika propela na ekseli. Zamani cheni ilikuwa ya kwanza kulalamika. Sasa mzigo huo huhamia kwenye krosi na shafti za ekseli ya mbele ya bolti 10 iliyokuja na pikapu nyepesi, na ndiyo sababu wanaobeba mizigo mizito au kuvisha matairi makubwa huchukua kutoka K30 hiyohiyo ekseli ya mbele ya Dana 60.